Akili tulivu: Mtaji usiolipiwa ushuru mpakani

Na Mwandishi Wetu, Luzira

ZAMANI sana, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, wafanyabiashara wawili walikuwa safarini na msafara wa mizigo huko kaskazini mwa India. Mmoja aliitwa Tapussa, mwenzake Bhallika. Njiani walimkuta mtu ameketi chini ya mti, peke yake, mtulivu, hana mali yoyote. Wakampa chakula chao cha safari, vitafunwa vya mchele na asali, wakamsikiliza, kisha wakaendelea na biashara yao.

Mtu yule alikuwa Budha, na kwa mujibu wa maandiko ya Kibudha wawili hao ndio wafuasi wake wa kwanza kabisa. Wakati huo hapakuwa na hekalu, mtawa wala kitabu. Walikuwepo watu wa mizigo tu, waliosimama kando ya njia.

Nimeanza na habari hii kwa sababu wengi wetu tunaosoma ukurasa huu ni watu wa mizigo. Tunavuka Busia, Malaba, Mutukula na Katuna. Wengine tulikaa nchi za watu miaka mingi, tukarudi nyumbani na mabegi mawili na usingizi uliokatika. Tukisikia neno Ubudha tunafikiria sinema za watawa wenye vipara wakirushiana mateke. Lakini mafundisho haya yalianza na watu wa aina yetu, na siku hizi yapo hapa hapa Uganda.

Kelele za Luzira

Mimi ni mkazi wa Luzira tangu mwaka 2008, niliporudi kutoka Kenya. Kwa asiyepafahamu, Luzira ni upande wa mashariki ya Kampala, katika tarafa ya Nakawa, pale barabara ya kutoka mjini inapoishia ziwani kwenye bandari ya Port Bell. Hapa kuna gereza kubwa lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini, lililojengwa enzi za mkoloni. Kuna kiwanda cha bia. Kuna mwalo wa wavuvi, na kuna bandari ambayo kwa miaka mingi imeunganisha mizigo ya Uganda na Mwanza.

Ukitaka kupima utulivu wa mtu, mlete Luzira akae wiki moja. Malori yanapishana na boda boda. Mhubiri anashindana na baa, kila mmoja na kipaza sauti chake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Na simu haiachi kuita: mara dereva kakwama Malaba, mara bei ya dola imepanda.

Katika kelele hizo jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayeuza mitumba, amenifundisha jambo. Kila alfajiri, kabla vijana wa boda boda hawajafika kijiweni, yeye hutandika mkeka kibarazani, hukunja miguu na kukaa kimya dakika 20 macho ameyainamisha. Mwanzoni watoto wa mtaani walidhani amelala. Wapangaji wenzake walinong'ona kwamba anafanya mambo ya waganga.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, hii unayosali ni dini gani?"

Akacheka. "Ndugu yangu, mimi Mkatoliki, Jumapili unaniona nakwenda misa. Hapa sisali. Naifundisha akili yangu kukaa nyumbani."

Mama huyu alifanya kazi za ndani katika nchi moja ya Ghuba kwa miaka mitatu. Hati yake ya kusafiria ilishikwa na tajiri wake, mshahara ukachelewa, usingizi ulikuwa wa saa nne. "Niliporudi, mwili ulishuka Entebbe lakini akili ilibaki kule," aliniambia. "Usiku nilikuwa naruka kitandani nikisikia kengele ya jikoni. Kengele yenyewe haipo." Kuna mtu alimpeleka Garuga, kando ya barabara ya Entebbe, na huko ndiko alikojifunza kukaa.

Mtawa aliyerudi na bakuli

Garuga, katika kijiji cha Bulega, ndipo kilipo Kituo cha Kibudha cha Uganda. Kilianzishwa mwaka 2005 na Mganda anayeitwa Bhante Buddharakkhita. Neno Bhante ni la heshima kwa mtawa, kama sisi tunavyosema Padri au Shehe. Jina alilopewa na wazazi ni Steven Kaboggoza, aliyezaliwa mwaka 1966 na kulelewa katika Ukatoliki.

Msomaji aliyewahi kurudi kutoka ugenini ataielewa habari yake haraka. Mwaka 1990 kijana huyu alikwenda India kusoma masomo ya biashara. Huko akakutana na watawa wa Kibudha, akavutiwa, akaanza kutafakari. Mwaka 2002 alitawazwa kuwa mtawa huko California, Marekani, na mwalimu kutoka Burma aitwaye U Silananda. Baadaye akakaa miaka kadhaa katika jimbo la West Virginia chini ya Bhante Gunaratana, mtawa mashuhuri kutoka Sri Lanka.

Kila anayerudi nyumbani anatarajiwa kuja na kitu: gari, kiwanja, au angalau televisheni kubwa. Yeye alirudi na kichwa kilichonyolewa, vazi la rangi ya udongo na bakuli la kupokelea chakula. Amesimulia mara nyingi jinsi watu walivyomshangaa. Wengine walimwona ni Mmasai aliyepotea njia, wengine wakasema ni mganga wa kienyeji, wengine wakamdhania amechanganyikiwa. Amezisimulia habari hizo pia katika kitabu chake juu ya kuchipuka kwa Ubudha katika Afrika.

Lakini hakuondoka. Leo pale Garuga kuna hekalu na shule ya watoto. Mama yake mzazi naye akaja kuwa mtawa. Kwetu sisi tuliorudi, hilo la mwisho si dogo. Ni wangapi kati yetu tumeshindwa kumweleza mama tulichokiona kule tulikokuwa?

Isidhaniwe kwamba huu ndio mwanzo wa Ubudha katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam ina hekalu la Kibudha lililoanzishwa na jamii ya Wasinhala kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba lile liliwahudumia zaidi wageni waliokuja na imani yao, na hili la Garuga limeletwa na mwana wa nyumbani.

Kukaa na pumzi

Sasa wanafanya nini hasa? Jibu ni jepesi kiasi cha kuudhi. Unakaa mgongo umenyooka, juu ya mkeka, kiti au gunia la mchele. Unaacha pumzi iingie na kutoka kwa kawaida yake, bila kuivuta kwa nguvu. Unaiangalia pale inapogusa pua. Ukiona vigumu, unahesabu: pumzi moja, mbili, mpaka kumi, halafu unaanza tena.

Kabla hujafika nne, akili imekwishakwenda Kikuubo kudai deni. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Hujilaumu wala huifukuzi fikra. Unatambua tu kwamba umekwenda, unarudi kwenye pumzi. Unakwenda tena, unarudi tena. Jirani yangu anasema ni kama kumfundisha mtoto kutembea: akianguka humpigi, unamsimamisha.

Nami nimejaribu kwa miezi kadhaa. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilichokiona ni nafasi ndogo, upana wa kidole, kati ya jambo kutokea na mimi kulijibu. Mwaka jana mzigo wangu ulizuiwa siku tisa kwenye mpaka mmoja kwa sababu ya karatasi moja iliyosomwa vibaya na ofisa wa zamu. Siku ya tatu kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni alimkunja shati ofisa, akalala mahabusu, na nyanya zake zikaoza zote. Nami hasira nilikuwa nayo, tena nyingi. Niliihisi kifuani, ikapanda shingoni, ikawa moto masikioni. Lakini kwa kuwa nilikuwa naiangalia inavyopanda, nilipata muda wa kuchagua. Nikaomba kuonana na mkubwa wa zamu, nikaeleza upya. Mzigo ulitoka siku ya tisa.

Sisemi kwamba pumzi ndiyo iliyofungua geti. Nasema kwamba geti lilipofunguka, nilikuwepo na mzigo wangu.

Hakuna linalodumu

Somo kubwa katika mafundisho haya ni kwamba kila kitu kinabadilika, na mateso yetu mengi yanatokana na kung'ang'ania kibaki kama kilivyo. Profesa anaweza kulieleza kwa maneno mazito, lakini mfanyabiashara wa mpakani amelisoma kwa macho.

Februari 2019 mpaka wa Katuna ulifungwa kutokana na ugomvi wa Uganda na Rwanda. Watu walidhani ni wa wiki mbili. Ulifunguliwa Januari 31, 2022, karibu miaka mitatu baadaye. Waliokuwa na maduka yaliyojaa bidhaa za Kigali walibaki wakitazama barabara tupu. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Covid-19, na pale Malaba foleni ya malori ikawa ya kilomita nyingi, madereva wakilala chini ya magari wakisubiri majibu ya vipimo. Mwaka huo huo, na tena mwaka 2024, ziwa lilifura. Hapa kwetu maji yaliingia katika vibanda vya ufukweni, na mtu aliyekuwa na hoteli ya samaki akabaki na paa.

Kuna aliyepoteza kibanda akahamia juu ya barabara akaanza upya. Kuna mwingine aliyekaa ukingoni kila jioni akiliapiza ziwa. Wote wawili walipata hasara ile ile. Wa pili aliongeza hasara ya pili juu ya ile ya kwanza, na hii aliipika mwenyewe. Hicho ndicho wanachofundisha Garuga: maumivu yatakuja, mpaka utafungwa, mtu atafariki, lakini yale tunayoongeza juu yake kwa kung'ang'ania tunaweza kujifunza kuyapunguza.

Je, ni kuacha dini?

Swali hili huulizwa kwanza, nami nalijibu bila kuficha. Ubudha ni dini kamili, yenye watawa, mahekalu na sanamu zinazoinamiwa kwa heshima. Haufundishi juu ya Mungu Muumba kama Uislamu na Ukristo zinavyofundisha. Mwislamu au Mkristo anayekwenda hekaluni ajue hivyo, na kama ana wasiwasi amwulize shehe au padri wake.

Hata hivyo, kukaa kimya na kuiangalia pumzi ni zoezi, na zoezi halina cheti cha ubatizo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Marekani alilichukua zoezi hili, akaliingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kama mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Tangu hapo limeingia mahospitalini, mashuleni na hata kwenye programu za simu. Mwislamu anayejua ladha ya dhikri, au Mkristo aliyewahi kukaa kimya mbele ya altare, hatalikuta geni sana.

Kwa tuliorudi kutoka vitani au ukimbizini kuna habari ya karibu zaidi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kampala miongoni mwa wakimbizi wa Kongo waliokuwa na majeraha ya moyo. Waliofundishwa kutafakari walionekana kupata nafuu kubwa ndani ya mwezi mmoja kuliko wenzao waliokuwa bado hawajafundishwa. Njia iliyotumika ilikuwa ya asili ya Kihindu, si ya Kibudha, na watu wenyewe walikuwa wachache. Lakini inatuonyesha kwamba akili iliyojeruhiwa haijafungwa milele.

Mfanyabiashara mwenye kichwa kinachouma

Nyuma ya ukuta wa gereza la Luzira kuna wanaume na wanawake wanaohesabu siku. Kila nikipita pale nakumbuka gereza jingine, la Tihar, mjini Delhi. Mwaka 1994, mkuu wa magereza Kiran Bedi aliruhusu kozi ya kutafakari ya siku kumi kwa wafungwa zaidi ya 1,000 kwa mara moja. Mpaka leo mafunzo hayo yanatolewa ndani ya gereza hilo.

Aliyeongoza kozi ile hakuwa mtawa. Ni S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India, aliyezaliwa Burma mwaka 1924. Alikuwa tajiri kijana, ila kichwa kilimuuma vibaya mpaka akawa anachomwa sindano za mofini. Madaktari wa nchi mbalimbali walishindwa. Mwaka 1955 alikwenda kwa U Ba Khin, ofisa mkubwa wa mahesabu serikalini aliyefundisha kutafakari baada ya kazi. Mwaka 1969 Goenka alirudi India, nchi ya mababu zake, akaanza kufundisha. Alifariki mwaka 2013. Kozi za siku kumi alizozianzisha bado hazina ada; aliyemaliza huchangia apendacho ili mwingine naye apate nafasi.

Tazama basi: mfanyabiashara, mhasibu wa serikali, na mtu aliyerudi katika nchi ya wazee wake. Hao ndio waliokibeba kitu hiki mpaka ndani ya gereza.

Biashara tano

Mpaka hapo msomaji anaweza kusema, vema, ni dawa ya usingizi na hasira. Kama ingekuwa hivyo tu, nisingepoteza nafasi ya gazeti. Mafundisho ya Budha yanaingia pia katika mzigo wenyewe na kuuliza umebeba nini.

Aliwaambia wafuasi wake wasio watawa wajiepushe na biashara tano: silaha, wanadamu, nyama, vileo na sumu. Soma orodha hiyo ukiwa Luzira, uone inavyochoma. Kiwanda cha bia kinaajiri watoto wa majirani zangu. Waragi ya vifuko iliwalisha wachuuzi wengi hadi serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019, baada ya kuwaharibu vijana kwa miaka. Dawa bandia za mimea zinauzwa kando ya vituo vya mabasi kama njugu. Na mwalo mzima unaishi kwa samaki. Nilipomsomea orodha hii muuza mukene mmoja alinitazama na kusema, "Mzee, hapo mmetufunga wote." Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kwamba mwalimu wa Garuga angelipunguza fundisho ili limfae. Kila mtu atajipima alipo.

Lakini liko neno moja katika orodha ambalo hakuna wa kulikwepa, nalo ni wanadamu. Mwaka juzi wakala mmoja alimfuata jirani yangu. Alijua kwamba mama huyu anaaminika vijijini na amewahi kufika Ghuba. Akamtaka amtafutie wasichana, bila mkataba, bila kupitia kampuni zenye leseni. Kwa kila msichana angepewa kamisheni, na kamisheni ya wasichana wanne ingelipa deni lake lote la benki. Ni wakati ambao mitumba ilikuwa haitoki na ada za watoto zinadaiwa.

Nilimwuliza aliamuaje. Akasema aliomba siku moja ya kufikiri, akakaa kibarazani asubuhi kama kawaida yake. "Nilipofika pumzi ya sita au ya saba, nikasikia ile kengele," alisema. "Safari hii sikuruka. Nikaiacha ilie. Nikajiuliza, msichana huyu wa nne, kengele yake atailalia wapi?" Akampigia wakala simu kumwambia hapana. Deni la benki anaendelea kulilipa mpaka leo, kidogo kidogo, na kibanda cha mitumba amekipunguza nusu.

Habari hii ndiyo iliyonifanya niandike. Utulivu unaomsaidia mtu alale vizuri juu ya pesa chafu si huo wanaoufundisha. Akili ikitulia inaona, na ikiona ina gharama.

Mafungu manne

Budha hakuwadharau wenye mali. Aliwashauri wafuasi wake wenye familia wagawe mapato mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendesha kazi, na moja la kuweka kwa siku ya shida. Jaribu kuyapima hayo na daftari lako. Wengi wetu tunakula mafungu mawili, tunaendesha biashara kwa mkopo, na siku ya shida tunamwachia Mungu peke yake. Waliokuwa na fungu la nne Katuna ilipofungwa wanajua thamani yake.

Tahadhari ndogo

Kwa aliyepitia vita, ubakaji au mateso, kukaa kimya peke yake kunaweza kuamsha kumbukumbu kali. Likitokea, fumbua macho, simama, tembea, mtafute mtu wa kuzungumza naye. Usijilazimishe. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, haiko mbali na Luzira, na kwenda kule si aibu. Kutafakari hakuchukui nafasi ya daktari.

Anayetaka kujaribu aanze na dakika tano, saa ile ile kila siku, kabla ya kushika simu. Foleni ya Mutukula ni darasa zuri, na basi la usiku la kwenda Nairobi pia. Ahesabu pumzi kumi wakati karatasi zake zinapigwa muhuri. Akimaliza wiki mbili hajaona tofauti yoyote, amepoteza dakika 70, ambazo mpakani huwa tunazipoteza kila siku tukisubiri ofisa arudi kutoka chakula cha mchana.